Radhi ya Maziwa

Asubuhi ile Bahiya alikuwa kachutama kwenye foleni ya mchele, analilinda jiwe lake. Kila mtu alikuwa na jiwe. Unakuja alfajiri unaliweka. Ukenda kusali au kumtazama mgonjwa, jiwe linakushikia nafasi. La Bahiya lilikuwa jeusi, na mbele yake yalikuwapo mawe arubaini na matatu.

Lakini leo hakujia mchele tu. Kaka yake, Saud, alimtuma kwa Bi Mwanapili. Na Bahiya mtoto wa haya, akiitwa na mwalimu sauti haitoki. Maneno aliyameza tangu nyumbani, hajui atayatoa vipi.

Bi Mwanapili alifika jua lishachomoza, daftari kwapani. Yeye ndiye mkuu wa nyumba kumi za mtaa wao wa Mkunazini. Nani kalala wapi, nani kaja na mgeni, redio ya nani inasema nini, yote yamo mle. Lakini kabla ya daftari alikuwa mama. Saud alipozaliwa, Bi Fatma, mama yao, alishikwa na homa, ziwa likakauka. Bi Mwanapili alikuwa kamzika mwanawe juma moja tu nyuma. Akaja mwenyewe, hakuitwa, akampakata mtoto, akamnyonyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejikunyata kama kuku alonyeshewa?"

"Saud anakusalimu. Anasema umpe radhi. Ya maziwa."

Radhi ya maziwa haiombwi ovyo. Huiomba anayekufa, au anayekwenda asijue kama atarudi. Bi Fatma alimkataza Saud: "Ondoka kimya, utaomba kwa barua." Saud akakataa. "Sivuki maji, mama, na maziwa ya mtu shingoni."

"Anaumwa?" Bi Mwanapili aliuliza polepole.

"Haumwi."

Akamvuta pembeni. "Mwambie maziwa yangu halali yake, duniani na akhera. Anaondoka lini, nimkaangie visheti vya njiani?"

"Leo. Gari la shamba la alasiri. Bwejuu, pwani."

Machozi yakamtoka Bi Mwanapili, machozi ya kweli. Akayafuta kwa upindo wa kanga.

"Watu wangu sitini na mmoja," alinong'ona, kama anasema na daftari. "Akipungua mmoja nnaulizwa mimi. Mwenzangu wa mtaa wa pili kaitwa kuulizwa, mpaka leo hajarudi." Akajichekesha. "Usinisikilize, mie mtu mzima naropoka."

Kisha akaliokota jiwe la Bahiya kwa mkono wake, akalipeleka hadi mbele, karibu na mizani.

"Leo mawe yana miguu," Sichana, mwanamke wa nyuma, aliguna.

"Lile lina daftari," mwengine akamjibu.

Adhuhuri visheti vililetwa, vya moto, kwenye sahani ya bati yenye mdomo wa buluu. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kuota ndotoni. Saud alikula kimoja kwa kusimama, vilobaki akavifunga kwenye leso.

"Umeona, mama? Kanipa radhi," alimwambia Bi Fatma.

Bwejuu askari walikuwa wanamngoja kwa jina lake. Habari ililetwa kesho yake na muuza kuni alopanda naye gari. Alipoondoka pwani, alisema, aliwaacha askari wanagawana visheti.

Siku tatu Bi Fatma alizunguka vituo vya polisi na jela, dirisha hadi dirisha. "Hapa hayupo." Siku ya nne Bahiya aliiosha ile sahani. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hata mkosa hutia ndimu mbili. Jikoni hakukuwa na kitu. Akachana karatasi ya daftari la skuli, akaandika: *Mama, wamempeleka wapi? Tuambie tu, hatutamwambia mtu.* Akaitia, akafunika kawa, akaiweka kizingitini kwa Bi Mwanapili.

"Hodi."

Ndani nyayo zilisogea. Zikasimama.

Kesho yake alikwenda foleni akalikuta jiwe lake mbele ya mawe yote. Hakuliweka yeye. Alilibeba kwa mikono miwili, akalirudisha mwisho. Alipofika mizani, mpimaji akachungulia orodha.

"Nyumba yenu wawili."

"Watatu," Bahiya alisema, na watu wakageuka, maana hawajapata kumsikia.

"Wawili, binti. Imeandikwa jana. Sogea."

Bi Mwanapili alikuwa kando yake, kalamu mkononi.

"Shikamoo, mama."

Kalamu haikuinuka.

Leo siku ya tisa. Kawa lishapeperushwa na upepo, karatasi imekwama kwenye mdomo wa buluu, imepauka kwa jua. Kila asubuhi mlango unafunguka, Bi Mwanapili anakusanya kanga zake kwa mkono mmoja, daftari kwa mkono wa pili, anairuka sahani, anakwenda zake.