Ottilie Apanda Puto

Ottilie Rebmann alikuwa ameshazunguka Uswisi na Uholanzi kwa gari la farasi, na pale Bamberg, mjini kwake Ujerumani, watu walimjua kwa riwaya zake na vitabu vyake vya safari. Lakini Bwana Seyfert alipoleta puto lake la hariri uwanjani, mjane huyo wa miaka hamsini na ushee alirukaruka kama mtoto.

Aliyepangiwa kupanda ni diwani mmoja. Alipoona puto linavyovuta kamba, uso ulimpauka.

"Tumbo limeanza kunisokota," akasema. Umati ukaangua kicheko.

"Nani atashika nafasi yake?" Seyfert akauliza.

"Mimi!"

Wifi yake, Kunigunde, akamdaka sketi. "Wifi, una wazimu? Ukidondoka tutaokota nini?"

"Mtaokota kofia. Niachie!"

Akajitosa ndani ya tenga lililoning'inia chini ya puto, kamba zikafunguliwa. Ardhi ikazama chini yao. Mto ukajikunja kama utepe, na minara ya kanisa kuu, aliyozoea kuitazama kwa kuinua shingo, sasa aliiinamia.

"Bwana Seyfert, kunguru wako chini yetu!" alipiga kelele, akicheka huku machozi yanamtoka. Alitoa kalamu aandike, vidole vikagoma kwa baridi, kalamu ikamponyoka ikaenda zake. Hakujali. Alitazama tu.

Walipoanza kushuka, upepo uliwashika. "Chuchumaa, mama! Shikilia!" Seyfert akafoka. Tenga likagonga chini, likaburuzwa katikati ya shamba la kabichi, likapinduka.

Mkulima, Veit, akaja mbio na uma wa nyasi. "Usisogee! Wewe mtu au shetani?"

"Mtu, kaka, tena mwenye njaa!" Ottilie akajibu, akitema udongo.

Mke wa Veit akacheka hadi akashika mbavu. "Weka uma chini, baba watoto. Shetani gani huyo wa kuomba chakula?" Akamletea mkate wa shayiri na maziwa mgando.

Alikuwa bado anakula, Seyfert akikunja puto lake, Kunigunde alipofika kwa mkokoteni wa farasi, macho mekundu kwa kulia. Alimkumbatia, akamtukana, akamkumbatia tena. Kisha akanong'ona, "Nyumba yetu uliiona?"

"Niliiona. Ndogo kama kiberiti. Na dirisha la jikoni umeliacha wazi."

"Mungu wangu, paka wetu atatoroka!" Kunigunde akarukia mkokotenini. "Twende basi! Njiani unisimulie yote, usiruke hata kidogo."

Ottilie akapanda naye, mdomo umejaa mkate, akaanza kusimulia.