Mlango, Mlangoni

Miguu ya baba huganda mlangoni. Katikati ya chumba anatembea vizuri tu, polepole, mkono wa kulia ukitetemeka pembeni kana kwamba una habari zake wenyewe. Lakini akifika kizingitini, pale saruji ya chumbani inapokutana na vigae vya ukumbini, nyayo zinashika sakafu na haziachii. Kifua kinaendelea mbele, miguu inabaki nyuma. Ndivyo alivyoanguka mara ya kwanza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye nyumbani tunamwita Dada wa Mazoezi, alitueleza kwamba ugonjwa huu unamnyima baba ile amri ya ndani inayouambia mguu "sasa". Akiipata hiyo "sasa" kutoka nje, mara nyingi mguu unaitika. "Mpigieni makofi," alisema. "Mapigo ya sawasawa. Hatua moja, kofi moja." Mama akapiga manne palepale, na baba, aliyekuwa ameganda kama msumari, akavuka kizingiti utadhani hakijawahi kuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilitaka kulia na nilitaka kuuliza maswali, vyote kwa wakati mmoja.

Tangu siku hiyo, kwa miezi mitano, mama amekuwa ndiye makofi ya baba.

Kisha dada yangu mkubwa akajifungua mapacha, mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Shemeji yuko kazini kwenye meli na hatarudi mpaka mwezi ujao. Dada alipiga simu Jumapili, yeye analia, watoto wanalia, mpaka mama akashindwa kujua amtulize nani kwanza. Mama akakata tiketi ya Ijumaa asubuhi. Halafu akanitazama, nikajua anachowaza. Mtu wa kubaki na baba ni mimi. Nimemaliza chuo juzijuzi tu, nimetuma maombi ya kazi kila mahali, muda ninao tele. Kitu ambacho sina ni mdundo.

Nyumbani naitwa Mwangwi. Jina hilo alinipa kaka yangu, ambaye sasa anaishi mbali, tukiwa kwenye kwaya ya shule, kwa sababu watoto sitini wakipiga kofi moja, nyuma yake lilisikika jingine dogo, la peke yake. Nimelicheka jina hilo miaka yote. Niliacha kulicheka Jumatatu, nilipompigia baba makofi kwa mara ya kwanza.

Nilipiga, akainua mguu. Nikausubiri utue ndipo nipige tena. Mguu nao ukawa unasubiri kofi. Tukabaki tunasubiriana kama wageni wawili wenye adabu nyingi, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, mpaka baba akayumba. Mama aliruka kutoka jikoni na unga mikononi akamdaka kifuani.

"Siendi popote," mama alisema, akipangusa unga kwenye shati la baba na kuzidi kuueneza.

"Na yule kule na watoto wawili?" baba akauliza.

"Atajikaza. Wewe ukivunjika nyonga nitakushona na uzi gani?"

"Mama, nipe mpaka Ijumaa," nikasema. "Ijumaa asubuhi nitampitisha mbele yako, kutoka kitandani mpaka nje, wewe usimguse wala usipige kofi. Nikishindwa, baki."

Mama alijifuta unga mikononi. "Siku nne, Mwangwi. Huo mdundo umekushinda miaka ishirini na mitatu."

"Basi ni wakati wake."

Tulikuwa tumeshajaribu simu, ile programu inayogonga tik, tik, tik. Baba aliichukia. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na alisema kile kitu kinafundisha kimetazama ubao: yeye akikwama, chenyewe kinaendelea na somo. Dada wa Mazoezi alisema wapo wanaosaidiwa sana nayo, na wapo wanaohitaji mtu. Baba alihitaji mtu.

Nikachukua daftari. Ndivyo nilivyo, jambo likinishinda naliandikia. Juu ya ukurasa niliandika: *Wenzangu wanajuaje lini?* Sikuwa natania. Nilitaka kujua kweli. Watu mia wasiofahamiana wanaingia ukumbini, wimbo unaanza, na mikono yao inakutana hewani sehemu moja. Nani amewapa ahadi hiyo?

Mama alikuwa wa kwanza kuulizwa. Alizima jiko, akawasha redio, akasimama katikati ya sebule. "Nifuate. Kulia, kushoto. Kiuno kiache kijitafutie maisha."

Niliitazama miguu yake kwa bidii ile niliyokuwa nayo kwenye mitihani. Ikienda kulia, nami naenda kulia, nakuta imesharudi. Ikirudi, nami narudi, tunapishana kama magari.

"Unaniangalia sana!" alisema huku anacheka. "Acha kuniangalia."

"Nisipokuangalia nitajuaje?"

"Utajua tu."

Niliandika: *Utajua tu. (Haisaidii.)*

Jumanne nilikwenda kukaa na fundi viatu wa kona ya pili, ambaye nyundo yake naisikia kila siku nikipita. Ko-ko, ko. Ko-ko, ko. Alikuwa anapigilia soli ya kiatu cha shule, misumari midogo imebanwa midomoni. Nikamuuliza anajuaje wakati wa kushusha nyundo.

Alitoa misumari mdomoni. "Swali gani hilo?"

"Unashusha ukishauona msumari umekaa sawa, au kabla?"

Akafikiri. Akaweka msumari, akainua nyundo, akafikiri tena, akajigonga kidole gumba. Alitukana kwa sauti, kisha akaanza kucheka, kidole kiko kinywani. "Nenda zako, mwanangu! Miaka yote hii sijajigonga. Umekuja na elimu yako umeniharibia mkono!"

Nilimwomba radhi mara tatu. Lakini njiani nilikuwa karibu kukimbia kwa furaha, maana nilikuwa nimeona kitu. Alipoanza kungoja aone, ndipo alipokosea. Niliandika nikiwa nimesimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akanipigia kengele na kuniuliza kama nimenunua barabara.

Kuona kitu na kukiweza ni mambo mawili. Jumatano asubuhi nilipiga makofi mbele ya baba nikijitahidi *kutongoja*, na nikawa napiga kama mvua kwenye bati, mbio mbio, bila mpango. Baba hakuinua hata kisigino. Aliomba akae. Nikamvutia kiti palepale mlangoni, mimi nikakaa chini kwenye vigae. Mama alikuwa ametoka kununua nepi.

"Nionyeshe hilo daftari," baba alisema.

Alilisoma lote, karatasi ikitetemeka mkononi mwake hata nikaona aibu kumwona anahangaika nayo, ila sikuichukua. Baba hapendi kushikiwa vitu. Alipomaliza aliuliza, "Chuo ulisoma nini vile?"

"Baba, unajua. Isimu. Taaluma ya lugha."

"Sema 'mlango'."

"Mlango."

"Umekaza sauti wapi?"

"Kwenye 'la'."

"Sema 'mlangoni'."

"Mlangoni."

"Sasa?"

"Kwenye 'ngo'. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, baba. Niliandika kurasa nne kuhusu hilo kwenye mtihani."

"Ulipata ngapi?"

"Nilipata A."

"Hongera. Sasa niambie, wewe wa A." Aliinama kidogo, kama alivyowainamia watoto wa darasa la kwanza. "Ulipofika kwenye 'la', ile mara ya pili, hukuikaza. Uliipita. Kwa nini?"

"Kwa sababu 'ni' ilikuwa inakuja."

"Nani alikwambia inakuja? Ulikuwa hujaisema."

Nikasema 'mlango' polepole, nikasema 'mlangoni'. Nikasema pika, pikia, pikiana, na kila mara sauti ilihama yenyewe na kukaa mahali pake, silabi moja kabla ya mwisho, hali mwisho wenyewe bado haujafika. Mimi nisiyeweza kupiga kofi. Nimekuwa nikifanya hivi tangu nina meno mawili, maelfu ya mara kwa siku, bila kukosea hata nikiwa nimekasirika.

"Nilijua neno linakwenda wapi," nilisema.

"Ehee."

"Kwa hiyo wale wenzangu kwenye kwaya hawakuwa wanausikia mpigo ndipo wapige."

"Ungeungoja uusikie, umeshapita. Ndio mwangwi huo, mama." Baba huniita mama akinipenda zaidi. "Watoto wangu wa darasa la kwanza, waliokuwa wazito wa kuruka kamba, niliwapa maneno. Mtoto anayeongea ana mdundo. Kazi ni kuushusha tu kutoka mdomoni mpaka miguuni."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuwa darasani kwangu. Halafu lile jina lilikuwa linatuchekesha." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na nikaona kwamba anajuta, nikaharakisha kumuuliza tutumie maneno gani.

Tulijaribu mengi. Tulitaka yenye silabi mbilimbili, ili miguu igawane sawa. *Vuka baba, vuka baba.* Kofi kwenye "vu", kofi kwenye "ba". Baba akakataa. "Nimeshakuwa babu wa wawili. Nipe cheo changu."

*Vuka babu, vuka babu.* Nilianza kwa kusema tu. Kisha nikasema na kugonga paja. Kisha nikasimama nikasema na kupiga makofi, na mikono yangu ilikutana pale sauti ilipokaza, wala si baadaye. Nilishtuka nikaacha.

"Usijisikilize!" baba alifoka. "Wewe ongea."

Siku nzima ya Alhamisi niliongea. Nilifua nguo kwa maneno, nikafagia kwa maneno. Nilicheza sebuleni na redio, na safari hii nilikuwa najisemea moyoni mahali wimbo unapokwenda badala ya kuitazama miguu ya mtu. Mara nyingi nilipotea. Lakini kuna vipande, labda vya pumzi nne au tano, ambapo mimi na ngoma tulifika pamoja, na sijui nieleze vipi ile hali. Ni kama kumshika mtu mkono gizani ukakuta naye alikuwa anautafuta wako. Na baba? Mlangoni alivuka mara tatu, akaganda mara mbili. Mama alikuwa anahesabu kutoka jikoni.

Ijumaa gari la kumpeleka mama stendi lilikuwa lije saa moja na nusu asubuhi. Saa moja alikaa kwenye kiti cha ukumbini, begi miguuni, mikono ameikalia. Kweli, aliikalia, kila mmoja chini ya paja lake, ili isije ikapiga yenyewe.

"Haya," alisema. "Nawaangalia."

Baba alinyanyuka kitandani. Nilisimama ubavuni mwake. "Vuka babu, vuka babu," na kofi, na hatua, mpaka kizingitini, na pale miguu ikashika.

Nilihisi kifua chake kikisogea mbele. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kunyamaza na kuutazama mguu wake, kuungoja, kwa upendo kabisa. Nilielewa sekunde hiyo kwamba huo upendo wa kungoja ndio uliokuwa unamwangusha. Nikainua macho kutoka sakafuni, nikaangalia mlango wa mbele, kule tulikokuwa tunakwenda, na nikaendelea kuongea. *Vuka babu.* Hakuna kitu. *Vuka babu.* Kisigino kikainuka. *Vuka babu,* na mguu ukatua juu ya vigae pamoja na kofi, pamoja kabisa, halafu wa pili, halafu ukumbi wote.

Mama alisimama na begi lake. Nje dereva akapiga honi.

"Msisimame!" mama alisema, maana tulikuwa tunakaribia mlango wa mbele. Akatangulia, akirudi kinyumenyume, anatutazama, analia na kucheka. Tukavuka na huo. Tukashuka njia ya saruji. Hatukumkumbatia, tungepoteza mwendo. Aliweka tu kiganja kwenye shavu la baba akitembea naye hatua mbili, akanigusa kichwa, akasema, "Wasalimieni hao mapigo," sentensi isiyo na maana yoyote, akaingia garini. Nilimpungia kwa kiwiko. Makofi yalikuwa bado yanaendelea.

Baba alishika nguzo ya geti. Gari lilikunja kona. Ndipo tulipotazamana.

"Mama," baba alisema, "nyumba iko nyuma yetu."

"Naiona."

"Kugeuka hatujafanya mazoezi."

Kweli. Siku nne zote tulikuwa tunakwenda mbele tu, na kumgeuza ilikuwa kazi ya mama. Nilijaribu kimoyomoyo: *geuka babu, geuka babu.* Haikukaa sawa, ilichechemea. "Ina silabi moja ya ziada," nilisema. "Ile 'ge' inatangulia kabla ya mkazo, haina mguu wa kuibeba."

"Labda ina mguu mdogo." Baba alitazama viatu vyake kwa hamu, kama mtu aliyepewa kitabu kipya. "Ge, hatua fupi ya pembeni. U, nzito. Ka, fupi. Tatu tatu. Au unaonaje?"

"Sijui, baba."

"Na mimi sijui."

Nikamshika kiwiko, tukaanza na "ge".