Mpira Uliosimama Mpakani

Kila Jumatatu na Jumatano, saa tisa alasiri, wasichana wa shule ya misheni iliyokuwa kilimani juu ya Keumbu waliegemeza majembe ukutani, wakanawa miguu, wakaenda uwanjani kucheza softiboli. Mchezo huo uliletwa mwaka 1938 na Misi Lundy, mwalimu kutoka Amerika, aliyeshuka na sanduku lenye Biblia tatu, gongo moja la kupigia na mipira miwili. Aliyetamani kuwa mrushaji kuliko wote alikuwa Bochaberi, binti wa miaka kumi na minne, na kusema kweli mwanzoni alikuwa ovyo kabisa.

Mpira wake ulikwenda ulikojisikia. Uliingia kwenye kabichi za misheni, na siku moja ulimpata mpishi mgongoni akiwa ameinama kuchota unga. "Wewe Bochaberi, unawinda nini?" wenzake walimcheka. Misi Lundy alimwambia aache kurusha kwa bega. Mkono uzunguke wote, mguu wa kushoto utangulie, vidole viachie mpira unapopita paja. Bochaberi akarudi nyumbani, akafunga mpira wa maganda makavu ya mgomba, akawa anaulenga mgomba uleule jioni baada ya jioni, mpaka mama yake, Nyanchera, akamwambia auache upumzike kwani ulikuwa na mkungu. Mwezi wa tatu wa mazoezi, akisaga wimbi kwenye jiwe, aliipata siri yenyewe: nguvu hazitoki mkononi, zinatoka kiunoni. Kesho yake alirusha mpira wa kwanza ulionyooka.

Mpira huo ulikwenda hatua saba, ukasimama hewani.

Ulisimama usawa wa kifua, umetulia. Bitutu, aliyekuwa na zamu ya kupiga, alingoja hadi mikono ikachoka, akashusha gongo. Misi Lundy alifungua kitabu chake cha sheria, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akatangaza kwamba mpira usiomfikia mpigaji ni mbovu, hata uwe umenyooka namna gani. Bitutu akautungua kama anayechuma pera, mchezo ukaendelea. Ikawa hivyo tangu siku hiyo. Mipira mibaya ya Bochaberi ilipita, mizuri ilisimama. Ya wasichana wengine ilipita yote.

Juma lililofuata Nyanchera alileta maziwa misheni, akaukuta mpira umesimama. Aliteremsha kibuyu, akautazama kwa muda mrefu.

"Hapo ndipo ulipokuwa mpaka wetu," alisema.

Na kweli, nusu ya uwanja ule ilikuwa shamba la wimbi la Machogu, mume wake. Machogu alikwenda Kericho kuchuma chai ya wazungu, akafia hukohuko. Kabla habari ya kifo haijafika nyumbani, Omwenga, hedimani aliyemsaidia chifu kijijini, alikuja asubuhi moja akang'oa mimea ya mpakani, akaitoa ardhi kwa misheni kama sadaka yake mwenyewe. Kanisani alisimamishwa mbele, akashukuriwa, na shamba likaombewa. Nyanchera alibaki na kipande kando ya kijito, chenye maji mengi kuliko udongo, na watoto wanne. Mara tatu alisimama barazani kudai shamba lake, na mara tatu aliambiwa alete shahidi. Sasa shahidi alikuwa amepatikana.

Bochaberi hakufurahi. Mechi na wasichana wa shule ya Sironga ilikuwa imebaki wiki tatu, na Misi Lundy alikwisha sema hawezi kumchagua mrushaji ambaye mipira yake mizuri ndiyo mibaya.

"Mama, nikikosea kidogo tu, unapita," alisema. "Kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Rusha vizuri," Nyanchera alimjibu. "Uchaguliwe, usichaguliwe. Mvua za kupanda zikija hatuna shamba, mtakula softiboli?"

Bochaberi alilia, tena kwa sauti. Kisha akapangusa uso, akarusha vizuri. Kila mpira uliposimama, mama yake alichomeka kijiti chini yake. Bochaberi akasogea hatua kumi, akarusha tena. Wiki mbili zilipokwisha, vijiti vilikuwa vimefika kutoka kijitoni hadi barabarani, na mkono wa yule msichana ulikuwa umekuwa mkono kweli. Angeweza kukulenga kifungo cha shati akakichagua cha tatu.

Jumapili wazee watano walikuja. Walitanguliwa na Mzee Nyasani, ambaye alipanda mpaka ule ujanani pamoja na baba yake Machogu. Bochaberi alirusha, mpira ukasimama. Mzee Nyasani aliuzunguka, akaugusa kwa kiganja kama mtu anayekagua ng'ombe, akatazama chini, akatazama kijitoni.

"Ndio huu," alisema. "Haujakosea hata unyayo."

Omwenga alikuwepo pia, na kofia yake ya kazi. Hakukana. "Mimi sibishani na mpira," alisema. "Lakini shamba hili limekwisha ombewa. Kitu kilichoombewa, wazee wangu, utakirudishaje?"

Wazee walilijadili jambo hilo. Mmoja akasema ni gumu. Mwingine akasema ni gumu mno. Wakakubaliana kwamba mpaka ni wa kweli, na kwamba uwanja ubaki kama ulivyo. Misi Lundy, ambaye lugha ya pale aliijua ya darasani na uwanjani tu, aliuliza wanasema nini, na aliyemtafsiria, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua Kiingereza, alikuwa Omwenga.

"Wanasema kuna mstari unasumbua mchezo," alimwambia.

Misi Lundy alifurahi kuelezwa vizuri hatimaye. Kama tatizo ni mstari, alisema, basi mrushaji na mpigaji wakae upande mmoja. Jioni ileile alichukua kamba yake, akapima, akahamishia vituo vyote vinne vya kukimbilia ndani ya shamba la Machogu. Bochaberi akachaguliwa.

Siku ya mechi Nyanchera alikuja mapema, amevaa gauni la Sabato. Alisimama palipokuwa na wimbi wake mzuri kuliko wote, akatulia hapo. Omwenga alikuwa akipanga watu kwa fimbo.

"Mke wa Machogu," alimwita, kwa upole wala si kwa ukali, "rudi nyuma ya kamba. Hapo ni pa wachezaji."

Nyanchera alitazama miguu yake. Kisha akainua gauni kidogo lisiguse vumbi, akavuka kamba.

Bochaberi aliyaona hayo akiwa na mpira mkononi. Alitamani mpira usimame, usimame popote, mbele ya watu wote wa Sironga na wa Keumbu, usishuke hadi mtu aseme neno. Akazungusha mkono, akatanguliza mguu, akaachia. Ulikuwa mpira wake bora kuliko yote aliyowahi kurusha.

Ulikwenda moja kwa moja. Mpigaji wa Sironga alikata hewa, gongo likamponyoka. Watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele, Omwenga akainua fimbo juu. Nyuma ya kamba, Nyanchera naye alipiga makofi, kwa sababu mtoto alikuwa wake.