Kitanda cha Harusi na Spika Mbili

Asubuhi ile Metodi alikikata kitanda chao cha chuma, kile walichopewa siku ya harusi. Mkewe Tsvetana alimshikia mabomba wakati akichomelea. Miaka thelathini na moja Tsvetana alikuwa na hamu moja tu: kujisikia kwenye kanda ya kwaya ya wanawake wa mji wao wa Pazardzhik. Aliimba humo, mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Lakini kila wakiicheza, sauti za nyuma zilikuwa uji mtupu, na Zdravka wa ghorofa ya chini, aliyeimba mstari wa mbele, hakuchoka kumchokoza: "Wewe ulikuwa unafungua mdomo tu, shosti."

"Kanda haina kosa," Metodi alikuwa amesema juzi, akiisukuma spika kwa kidole. Spika zilikaa juu ya majiko mawili ya kuchomea pilipili, zikayumba kama walevi. "Sanduku likitikisika, sauti ndogondogo zinamezwa. Zinataka miguu isiyocheza."

Basi akaunda stendi mbili: mabomba manne kila moja, vyuma vya mshazari vikikingamana katikati, na ndani ya mabomba mchanga umejaa pomoni. Alipomaliza akapanda juu ya moja, yeye na kitambi chake, akarukaruka. Haikutikisika hata kidogo! Akapandisha spika, na juu ya spika akaweka gilasi ya rakia, pombe kali ya matunda.

"Ikimwagika, nakununulia kitanda leo leo."

"Isipomwagika?"

"Tunalala chini, mama."

Kanda ikaanza. Rakia ikatulia tuli. Sauti zikaachana moja moja, na Tsvetana akashika meza kwa mikono miwili. Kabla ya kiitikio, pale walipozoea kusikia mvumo na kudhani kanda imechakaa, mwanamke mmoja aliingia kuimba peke yake, kwa nguvu zote, kabla ya wenzake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi!"

"Umewahi mno!"

"Nimewahi mno!" Alikuwa akicheka na kulia kwa furaha. Akakimbilia barazani. "Zdravka! Panda upesi, uje usikie nilivyokosea!"

Zdravka akaja na ndala zake, akasikiliza.

"Rudisha nyuma," akasema.

Wakarudisha mara tatu. Mara ya nne, walipofika pale pale, Zdravka akamshika Tsvetana mkono, akavuta pumzi, akaingia naye mapema.