Alizeti Zisizoliwa

Alizeti zilikuwa zimechanua hadi ukutani, manjano tupu, na Fundi Betri alikuwa akizing'oa moja moja na mizizi yake, akizishindilia magunini kana kwamba zimemkosea adabu. Kuku wa jirani alichungulia tu, akatimuliwa kwa kandambili.

"Hata mbegu moja ya kuku?" jirani aliuliza, kichwa juu ya ukuta. "Uchoyo gani huo!"

"Kuku wako nampenda, ndiyo maana namnyima."

Kwa miaka ishirini Fundi alikuwa amepasua betri za magari katika ua huo na kumwaga maji yake papo hapo. Kisha binti yake, mpimaji wa udongo, alikuja na karatasi kutoka maabara, uso umemsawijika. Ardhi ilijaa madini ya risasi, sumu ya zile betri, na mchicha wa mama yake uliyanywa pamoja na maji, ukayaweka majanini. Mama aliung'oa wote siku ile ile. Fundi angeona heri atukanwe.

"Alizeti nazo hunywa, Baba," binti alimwambia. "Panda, zinyonye, kisha zing'oe. Pole pole. Bandu bandu huisha gogo."

Akapanda. Lakini mkulima gani hutupa mabua? Misimu miwili ya kwanza aliyakatakata, akayafukia yawe mbolea, tena kwa majivuno. Binti alipogundua, alikaa kitako juu ya ndoo.

"Baba! Madini umeyatoa mlangoni, ukayarudisha dirishani!"

Ndipo Mama alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu mchicha ung'olewe. Alicheka hadi akashika mbavu. Fundi aliona aibu, lakini moyoni alijua kwamba kwa kicheko kile angekosea hata mara ya tatu. Tangu hapo magunia yalichukuliwa na lori la maabara.

Huu ulikuwa msimu wa saba. Lango lililia, binti akaingia na karatasi nyingine, meno yote nje.

"Kipande cha ukutani kimepita! Kule bandani bado sana. Na mchicha wenyewe tutaupima kabla haujaona sufuria."

"Kikubwa kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Kama mkeka."

Mama aliingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na pakiti saba za mbegu za mchicha, ya kwanza karatasi imeshafifia rangi.

"Kila msimu nilinunua moja," alisema.

Fundi alizihesabu kwa kidole. "Hata ile misimu ya mbolea?"

"Hiyo hasa."

"Saba! Kwa kipande cha mkeka?"

"Panda hii mpya. Hizo nyingine zangu. Haya, nyoosha mkono."

Hakunyoosha. Alikwenda kwanza bombani, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni kama mtu aliyeitwa mezani, ndipo akarudi na kukinga viganja vyote viwili.