Taa za Afande Dismasi

Bonfils alimwagia maji taa ya kushoto, akaanza kuisugua kwa msasa laini, lakini moyo wake haukuwa hapo. Plastiki ilikuwa imepauka na kuwa ya njano kama kucha za mvuta tumbaku.

"Kwa sasa taa hizi ni pambo tu," alisema afande Dismasi, mwenye gari, akiwa amekalia tairi kuukuu. "Pale kwenye kizuizi chetu cha barabarani, njia ya Kasulu, watu wanatupita kwenye mihogo hatua ishirini tu, nasi tunatoa macho. Leo nataka nione mpaka sungura."

Basi hapo ndipo mambo yalipomharibikia Bonfils. Alikuwa Mrundi, ametoka kambi ya wakimbizi bila kibali mwaka uliopita, na hapa gereji, Katubuka, aliitwa Bonifasi kutoka Kidahwe, mpwa wa Mzee Anatoli, mwenye gereji. Afande alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Maneno mawili matatu yangetosha kumtambua, kwa hiyo Bonfils alifunga mdomo. Na jioni hii hii mkewe, Lyse, alikuwa njiani kutoka kambini kumfuata, kwenye lori la maharage, binti yao mgongoni. Angeshuka kabla ya kizuizi, azunguke kwa miguu kupitia mihogo hiyo hiyo. Tangu saa sita Bonfils alikuwa anajificha chooni kumpigia. Simu haipatikani. Kuna siku dunia inakukalia shingoni na wala haiombi radhi.

"Mpwa wako haongei?" afande aliuliza.

"Anaongea akimaliza kazi," alijibu Mzee Anatoli. "Endelea, Boni."

Bonfils alipaka kompaundi ya kung'arishia kwenye sponji ya mashine, akaiwasha. Kazi hii ilimlisha kwa sababu moja: mkono wake haukukaa mahali pamoja. Ukiiacha mashine izunguke palepale mpaka uhesabu tano, plastiki inapata moto, inatoka malengelenge, na taa hiyo haina dawa tena. Mafundi wawili walishafukuzwa kwa kosa hilo. Sasa aliusimamisha mkono makusudi. Moja. Mbili. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda. Tatu.

Mashine ikazimika. Mzee Anatoli alikuwa amesimama ukutani, ameshika plagi. Alimtazama afande, akamwona ameinamia simu yake, ndipo akaja kuinama sikioni mwa Bonfils.

"Ukiiunguza ataomba kitambulisho chako, kisha changu. Nina watoto saba, Boni."

"Mke wangu yuko njiani, Mzee."

Mzee aliumia, maskini, ilionekana usoni kabisa. Kisha akarudi ukutani, akachomeka plagi.

Kilichomtia Bonfils uchungu zaidi ni kwamba mikono yake ilijua kazi, ikaifanya vizuri. Alitamani kuikana. Kila sponji ilipopita, ukungu ulipungua, mpaka mtu akaweza kuhesabu mikunjo yote ya kioo cha kuakisi mwanga ndani ya taa. Giza lilikuwa linaanza kuingia alipofuta taa ya pili kwa kitambaa.

Afande aliingia garini, akaligeuza lielekee kiwanja cha nyuma, kinachoteremka mpaka relini, kimejaa majani marefu. Akawasha.

"Wewe, fundi. Nenda kasimame kule, nijaribu."

Bonfils akaenda, akageuka kuutazama mwanga.

"Nakuona," afande aliita. "Rudi nyuma."

Akarudi hatua kumi.

"Nakuona. Rudi tena."

Majani yalimfika kiunoni. Macho yalimchoma, lakini hakuyaziba. Alirudi kinyumenyume, akihesabu hatua kwa Kirundi, akimwomba Mungu ifike hatua moja ambayo sauti ile itanyamaza. Arobaini. Sitini. Reli haikuwa mbali tena.

"Bado nakuona!"

Bonfils akainama kidogo, kimo cha mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, akaendelea kurudi nyuma.