Kibao cha Tatu

Kibao kilikuwa kimelazwa juu ya madebe mawili, kimepakwa rangi nyeupe, kikingoja maneno. Régis, fundi wa vibao kutoka Kongo, alichovya brashi akamtazama Bernardine.

“Tuandike nini, mama? Rangi inakauka.”

Hiki kilikuwa kibao cha tatu cha saluni ya Bernardine hapa kambini Nakivale. Cha kwanza kilisema Boa Sorte, maneno ambayo Wareno waliyaacha Msumbiji, na ambayo majirani wa utotoni mwake, katika kambi ya wakimbizi kule, walimwambia kila anayesafiri au kuanza jambo ili bahati iandamane naye. Saluni ikaungua. Moto haukujua Kireno. Cha pili kilisema Good Luck, kwa ushauri wa Molly, mke wa askari kule Mbarara, aliyeshikilia kuwa hapa Uganda bahati huitwa kwa Kiingereza. Upepo wa mvua ukang'oa paa, na kibao kikaokotwa bondeni kati ya ng'ombe wa watu.

Sasa kamati ya soko ilikuwa imesema: asipofungua Jumatatu, kiwanja atapewa mwingine. Ancilla, dada yake mkubwa, alimshauri akubali yaishe, warudi kulima maharagwe. Bernardine alikasirika, na akaogopa pia, kwa sababu hakuna kazi nyingine iliyompa raha kama kusuka.

Jumamosi alikwenda Mbarara kwa Molly kuazima kioo.

“Wewe hauchoki?” Molly alimwuliza.

“Nachoka. Lakini Jumatatu nafungua.”

“Chukua basi. Utarudisha siku utapata yako.”

Alirudi amekipakata njia nzima, kimefungwa kwa kitenge, magoti yakiuma.

Na Jumatatu ndiyo hii. Régis alikuwa bado anangoja.

“Bonne chance ingali inabaki,” alisema, akitabasamu. “Pengine bahati inasikia Kifaransa.”

“Iache huko iliko. Andika: Tumefungua.”

“Na jina? Batu batajuaje ni fasi yako?”

“Watanikuta ndani.”

Régis akaandika. Bernardine akaegemeza kioo ukutani, akafuta vumbi kwenye kigoda, akasimama nyuma yake. Watu walipita na vikapu vyao. Hakuna aliyeingia. Jua likapanda, na moyo wake ukaanza kuingia baridi, lakini hakuketi.

Kisha Ancilla akatokea, jembe begani. Alikisoma kibao polepole, akaegemeza jembe mlangoni, akaingia. Akafungua kilemba chake, akakaa kwenye kigoda bila kuulizwa.

Bernardine akachukua kitana. Akapasua mstari wa kwanza.

“Boa sorte,” Ancilla alisema taratibu, akimtazama kwenye kioo.

“Tulia, dada. Usitikise kichwa.”